Saiti Ipangwe kwa Macho ya Dereva Mgeni

Mwulize msimamizi yeyote wa kazi ya barabara kama saiti yake ni salama, atakuonyesha koni, vizibao vya rifleketa na kibao cha "Kazi Inaendelea". Vyote vipo. Lakini yeye anaijua saiti ile kama anavyoijua sebule yake: anajua kalavati limefukuliwa wapi, lami inaishia wapi, greda limeegeshwa upande gani. Dereva wa lori aliyeondoka Tunduma jana jioni hajui lolote kati ya hayo. Anafika saa tisa usiku, manyunyu yanapiga kioo, macho mazito, na kwa kilomita 200 zilizopita barabara haijamfanyia hila yoyote. Huyo ndiye anayepangiwa saiti. Makosa mengi tunayokutana nayo kwenye kazi za lami Tanzania, na kwa jirani zetu Kenya, chanzo chake ni kumsahau mtu huyo mmoja.

Tuanze na hesabu, maana hapo ubishi huisha. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Dereva huhitaji kama sekunde 2.5 kuona jambo, kulielewa na kufikisha mguu kwenye breki. Mita 55 zimeshapita na mwendo bado ni uleule. Kwenye lami iliyolowa, breki nazo zitataka mita 70 nyingine. Jumla mita 125 hivi. Kwa mwendo wa 50 jumla ni kama mita 63, kwa 100 ni zaidi ya 180. Hayo ni ya gari dogo lenye matairi mazima kwenye tambarare. Lori la ekseli saba lenye tani 56, tena kwenye mteremko, ongeza mwenyewe. Sasa rudi ukakitazame kile kibao kilichosimikwa mita 50 kabla ya mshika bendera. Ni pambo.

Nje ya mji, kwenye barabara ya mwendo wa 80, kibao cha kwanza kikae mita 600 hadi 800 kabla ya mahali magari yanaposimama. Kinachofuata ni mwendo wa 60, halafu 40, halafu onyo la njia kusinyaa, halafu onyo la mshika bendera, kila kimoja mita 100 hadi 200 kutoka kwa mwenzake. Mwendo ushushwe kwa hatua za 20. Ukimtoa dereva 80 ukamdondosha 30 kwa kibao kimoja hatakutii, na akikitii yule wa nyuma yake atamgonga.

Kuna kosa ambalo hata wahandisi wazoefu hulifanya: wanapima umbali huo kutoka kwa mshika bendera. Upimwe kutoka mkiani mwa foleni. Gari dogo lililosimama kwenye foleni hushika mita 8 pamoja na nafasi yake, lori na tela lake hushika 22. Foleni ya magari 25, kumi yakiwa malori, ina mita 340. Kama onyo lako la kwanza liko mita 300, liko katikati ya foleni, na anayekuja anakutana na matairi ya nyuma ya lori kabla hajasoma chochote. Foleni inapozoea kurefuka, mtu wa pili mwenye bendera arudi nyuma nayo, awe daima mita 150 au zaidi kabla ya gari la mwisho. Kwenye milima kama Kitonga, mkoani Iringa, umbali hauna maana pasipo kuangalia kona na mteremko: lori linaloelekea bondeni huku breki zimeshapata moto halisimamishwi na kibao kilichofichwa nyuma ya kona. Onyo liwe juu kabisa, kabla dereva hajaanza kushuka, ili achague gia akiwa bado na hiari.

Kibao chenyewe kisimame. Ukanda wa Singida na Dodoma una upepo unaoangusha vibao vya miguu mitatu kila adhuhuri, na watu hukimbilia kuviegemeza kwa mawe. Tumia viroba vya mchanga, viwili vya kilo 20 kwa kila stendi, vilazwe juu ya miguu. Kiroba kikigongwa hupasuka. Jiwe hurushwa. Sehemu ya chini ya kibao iwe mita moja au zaidi kutoka ardhini, juu ya majani ya kando ya barabara, na hakikisha hakuna tipa linaloegeshwa mbele yake. Vibao vya chuma huibwa vikauzwe kama chuma chakavu, hilo kila mtu analijua. Vibao vya mbao za plaiwudi vilivyobandikwa karatasi ya kuakisi hupona zaidi, na chuma kilichotobolewa matundu hakivutii mnunuzi.

Juu ya mawe, neno moja zaidi. Mawe yaliyopakwa chokaa na kupangwa kama uzio ni mazoea mabaya kuliko kutokuwa na uzio kabisa. Chokaa huoshwa na mvua ya kwanza. Kazi ikihamia mbele, mawe hubaki, na mwendesha bodaboda anayerudi nyumbani bila taa ndiye huyapata. Vivyo hivyo kwa mapipa yaliyojazwa zege: anayeyagonga amegonga ukuta. Pipa liwekwe mchanga robo tu chini ili lisipeperuke, basi. Ukihitaji ukuta wa kweli kati ya magari na watu, weka vizuizi vya zege vilivyounganishwa au vya plastiki vilivyojazwa maji, ukijua kwamba ni ukuta na mwanzo wake umeelekezwa mbali na magari.

Kufunga njia moja kwenye barabara ya njia nyingi, mfano Kimara hadi Kibaha, kunahitaji mstari wa mshazari wa koni unaomhamisha dereva polepole. Kwa mwendo wa kilomita 70 na kuendelea, urefu wake ni upana wa njia kwa mita, mara mwendo, gawanya kwa 1.6. Njia ya mita 3.5 kwa mwendo wa 80 inatoa mita 175. Kwa mwendo wa 60 kushuka, ni upana mara mwendo mara mwendo, gawanya kwa 155. Kwa mwendo wa 50 unapata mita 56. Koni zipangwe kila mita 10 kwenye mshazari kwa mwendo huo wa 50, na kila mita 20 pembeni ya kazi. Ila mjini nafasi ya mita 20 ni mlango wa bodaboda na bajaji. Punguza hadi mita 5. Utepe mwekundu na mweupe humwonyesha mtu mahali pasipopitika, lakini haumzuii yeyote.

Kwenye barabara ya njia mbili yenye washika bendera mambo hugeuka. Hapo mshazari uwe mfupi, mita 15 hadi 30, koni tano au sita. Ukiurefusha unamwambia dereva kwamba anaweza kupita bila kusimama. Ufupi wake ndio unaomshtua apunguze.

Baada ya mshazari acha nafasi tupu kabla ya mtu wa kwanza: bila mchanga, bila gari la fomeni, bila ndoo za chai. Urefu wake usipungue umbali wa kusimama tuliouhesabu juu. Ni sehemu inayoporwa upesi kuliko zote kwa sababu inaonekana haina kazi, na dereva wa saiti akikosa pa kuegesha hapo ndipo anapoingia. Kazi yake ni kumpokea yule aliyesinzia.

Zamu ya njia moja

Urefu wa kipande kinachopitishwa kwa zamu ndio unaoamua kama madereva watatii. Mita 600 kwa mwendo wa kilomita 30 ni sekunde 72. Kila upande ukipewa dakika mbili, aliyefika mlango ukifungwa atasubiri sekunde 72 njia iishe magari, dakika mbili za upande wa pili, na 72 tena: dakika nne na nusu kasoro. Anavumilia. Mkandarasi akitaka kuharakisha akafungua kilomita 2 kwa mara moja, kungoja huko kunafika dakika 10. Kwenye jua la saa nane, hakuna dereva wa daladala atakayengoja dakika 10 akiona njia mbele yake ni tupu. Bodaboda ndio wa kwanza kupenya, wanafuatwa na gari la mkubwa fulani, halafu kila mtu anatanua. Kutanua tunakulaumu kama tabia mbaya, na ni tabia mbaya, lakini mara nyingi chanzo chake kiko kwenye mpango wa kazi. Fupisha kipande.

Washika bendera wawili wasioonana hawawezi kufanya kazi kwa kukisia. Simu ya kiganjani haifai: mtandao hukatika, salio huisha, na mtu anayeandika ujumbe haangalii magari. Redio za mkononi mbili na betri ya akiba moja kwa kila mtu, zichajiwe usiku. Lugha iwe moja kila siku: anayefunga anataja gari la mwisho, rangi na herufi za mwisho za namba, na mwenzake analirudia neno kwa neno. Hafungui mpaka amelihesabu likipita. Wapo wanaotumia kijiti anachokabidhiwa dereva wa mwisho akipeleke upande wa pili. Hufanya kazi vizuri hadi siku dereva huyo atakapokata kona kuingia kijijini kwake na kijiti chako.

Pikipiki na baiskeli zinazokuja nyuma ya gari la mwisho hazihesabiwi na mtu, na huko ndiko kwenye kugongana uso kwa uso. Wapewe zamu yao, baada ya magari, nao wahesabiwe. Baiskeli yenye mkaa haifikishi kilomita 30 kwa saa; kwa kilomita 12 mita 600 zinataka dakika tatu.

Mshika bendera

Huyu ndiye mtu muhimu kuliko wote saiti na ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote. Mara nyingi ni kijana wa kijiji cha karibu aliyechukuliwa asubuhi, akapewa bendera na kuambiwa asimame pale. Nusu siku ya mafunzo ingebadilisha mengi. Asimame bega la barabara, upande wa magari anayoyasimamisha, uso ukiyaelekea muda wote. Asiingie njiani kabla gari la kwanza halijasimama kabisa. Likishasimama tu, asogee kidogo kuelekea katikati ili la pili na la tatu wamwone. Ajue tangu asubuhi atakimbilia wapi lori lisiposimama: nyuma yake kusiwe na shimo, uzio wala rundo la kokoto.

Asisimame kivulini. Ni shauri linalowashangaza wengi, kwa maana kivuli ni huruma. Lakini dereva anayetoka kwenye mwanga mkali wa jua haoni mtu chini ya mwembe, hata akiwa na kizibao cha rangi ya chungwa. Mpe mwavuli mkubwa, kofia pana, lita 3 za maji na mtu wa kumpokea kila saa mbili. Akili ya kutazama magari haidumu zaidi ya hapo. Kibao cha duara cha Simama upande mmoja na Nenda upande wa pili, chenye mpini wa kufika ardhini, ni bora kuliko bendera, kwa sababu bendera ikilegea haina ujumbe. Ukilazimika kutumia bendera, iwe nyekundu, sentimita 60 kwa 60, na utiwe uzito kidogo ukingoni. Na wengi wa washika bendera siku hizi ni wanawake. Choo kikiwa kilomita 3 nyuma, huyo mtu hanywi maji kutwa, na kufikia saa tisa alasiri kichwa kinamzunguka.

Foleni ikisimama mahali pamoja siku tatu, wachuuzi watakuja. Karanga, maji, ndizi, vocha. Kuwafukuza ni kazi bure. Wapangieni eneo nje ya bega la barabara, upande mmoja tu wa foleni, na mshika bendera apige filimbi nusu dakika kabla ya kufungua ili waliomo katikati ya magari watoke.

Ndani ya saiti

Wafanyakazi huogopa magari ya nje, lakini mtambo wao wenyewe unawaua pia, hasa ukienda rivasi. Tipa likiwa linarudi nyuma dereva wake haoni chochote mita kadhaa nyuma ya kitanda. Kengele ya rivasi hulia, ndiyo, ila saiti yenye mitambo sita inayolia kutwa ni saiti ambayo hakuna anayesikia tena. Dawa ya kwanza ni kupanga mzunguko: tipa liingie huku litokee kule, rivasi ibaki ya mita chache za mwisho. Dawa ya pili ni mwongozaji mmoja tu, asimame upande wa dereva, aonekane kwenye kioo. Akipotea kiooni, dereva anasimama. Vibarua watatu wakipunga mikono kwa pamoja ni sawa na kutokuwa na yeyote.

Madereva wa tipa za kukodi hulipwa kwa tripu. Hilo pekee linaeleza mwendo wao kuliko mahubiri yote ya asubuhi. Walipe kwa siku, au weka kikomo cha tripu kinachotokana na umbali wa machimbo na mwendo halali, na anayekizidi asilipwe ziada.

Saa sita mchana kagua chini ya kila mtambo kabla haujawashwa. Kwenye barabara inayokatiza mbuga tupu, kivuli pekee kipo chini ya tipa au nyuma ya shindilia, na kibarua aliyekula ugali wake atalala hapo. Turubai la mita 4 kwa 6 na nguzo zake ni bei ndogo mno. Opereta azunguke mtambo wake kwa miguu, aguse honi mara mbili, angoje, ndipo awashe.

Nyaya za umeme zinazokatiza barabara huwa zimesahaulika kwa sababu magari ya kawaida hupita chini yake bila shida. Tipa likiinua kitanda linafika mahali pengine. Simika nguzo mbili na kamba yenye vitambaa kila upande wa nyaya, mita 6 au zaidi kabla yake, kitanda kisiinuliwe kati ya kamba hizo. Tipa pia lisimwage likiwa limeinama upande; kifusi chenye unyevu hung'ang'ania kona moja ya kitanda na gari lote hulala.

Lami ya moto hufanyiwa kazi kati ya nyuzi 150 na 165 za Selsiasi. Adui yake ni maji. Tone la maji likiingia chini ya lami ya joto hilo hugeuka mvuke wenye ujazo zaidi ya mara 1,600, na pipa zima huchemka na kumwagikia watu. Mapipa yaliyokaa nje wakati wa mvua yapashwe polepole, yasijazwe zaidi ya robo tatu, na ndoo isiyokauka isitumbukizwe. Praima ya MC-30, lami nyepesi inayomwagwa juu ya msingi kabla ya lami yenyewe, ni hatari ya aina nyingine: ina mafuta ya taa ndani yake. Kuipasha kwa kuni chini ya pipa, kama inavyofanyika kwenye kazi ndogo za mitaani, ni kuwasha jiko la kulipuka. Mtu akimwagikiwa na lami, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20 bila kukoma, usiibandue, usiipake petroli wala mafuta ya taa, mpeleke hospitali nayo ikiwa bado imeganda ngozini. Ikiwa imezunguka kidole au mkono mzima, waambie wahudumu mapema, kwani hukaza inapopoa na kuzuia damu. Kwa hiyo tangi la lita 200 za maji safi liwe karibu na mahali lami inapofanyiwa kazi, mbali ya kutosha lisiangukie ndani ya lami.

Handaki la kalavati likizidi kina cha mita 1.5, kuta zilazwe au zishikizwe kwa mbao. Mita moja ya ujazo ya udongo ina zaidi ya tani moja na nusu, na iliyolowa ina zaidi. Mtu aliyefukiwa hadi kifuani hapumui hata kama kichwa kiko nje. Udongo uliochimbwa uwekwe mita moja au zaidi kutoka ukingoni, na ngazi iwepo kabla mtu hajashuka. Wenyeji nao watahitaji kuvuka, utake usitake. Usipowapa daraja la mbao la upana wa mita 1.2 lenye mikono ya kushikia, watatupa ubao mmoja wenyewe, na watoto wa shule watapita juu yake wakikimbia.

Mchepuko na vumbi

Barabara ya mchepuko hutengenezwa haraka na kusahaulika haraka. Wiki ya kwanza iko sawa, wiki ya tatu ina mashimo, na madereva huanza kukwepa hadi upande wa wenzao. Vumbi hufanya kazi iliyobaki: lori moja linaficha kila kitu nyuma yake, na anayelipita ndani ya lile wingu anaruka kipofu. Boza la maji lipite asubuhi kabla magari hayajazidi, na tena mara mbili au tatu kutwa kiangazi. Lakini kwenye udongo mweusi wa mbuga usimwage mengi, hasa konani. Kilichokuwa vumbi kinageuka sabuni. Afadhali kumwaga kidogo mara nyingi.

Ngazi kati ya lami mpya na ya zamani humtesa mwenye magurudumu mawili. Sentimita 5 zinatosha kumwangusha pikipiki anayebadilisha njia kwa mshazari. Ukingo unaobaki usiku mmoja ulazwe kwa kifusi kilichoshindiliwa, mteremko wa 1 kwa 3 au tambarare zaidi. Praima mbichi nayo humtelezesha kama kwenye mafuta. Pasipoweza kufungwa, mwaga mchanga juu yake kabla hujaruhusu gurudumu. Kokoto zilizobaki baada ya kumwaga lami zifagiliwe siku ileile, kwani hurushwa kwenye vioo na kugeuka gololi chini ya pikipiki.

Matuta ya udongo ya muda na rasta za kupunguza mwendo zina faida pale tu zinapotangulizwa na kibao na kupakwa rangi inayoonekana. Tuta lisilotangazwa huvunja springi za basi usiku na kumtupa bodaboda. Na likitimiza kazi yake, litolewe.

Usiku

Karatasi ya kuakisi iliyofunikwa vumbi haiakisi. Ni rahisi hivyo, na ndilo kosa tunalolikuta karibu kila saiti. Kabla ya jua kuzama, mtu mmoja mwenye ndoo, sabuni kidogo na kitambaa apite vibao vyote. Asitumie mchanga wala dizeli, huharibu uso wake. Vizibao pia huisha. Simama mita 100 usiku na tochi usawa wa jicho: kizibao kisichong'aa kimegeuka fulana. Koni za usiku ziwe za sentimita 75 zenye mikanda miwili. Zile fupi hufichwa na taa za gari lililo mbele. Taa za sola zinazomulika huibwa betri, kwa hiyo zifungiwe kwenye kisanduku kilichochomelewa, na mlinzi wa usiku azihesabu saa mbili, saa sita na saa kumi. Mtambo usiachwe bega la barabara. Kama umeharibika hapo, ulindwe kwa koni na taa kama kazi inayoendelea.

Kibao kinachodanganya

Jumapili hakuna kazi, lakini kibao cha mwendo wa 40 kimesimama barabara tupu. Dereva anapita na 80, hakuna kilichotokea. Jumatatu atapita hivyohivyo. Kila kibao kinachosema uongo kinakula heshima ya kinachosema kweli mbele yake. Kisipohitajika, kifunikwe kwa gunia au kilazwe chini uso ukitazama ardhi.

Mpangilio wenyewe huanza na kibao cha mbali zaidi, ukiufuata mwelekeo wa magari, hadi kwenye koni ya mwisho. Kuondoa ni kinyume chake: koni za mwisho kwanza, kibao cha mbali mwisho kabisa. Kikosi kikichoka jioni hutamani kuanza na kilicho karibu na gari lao, na ndipo wanapojikuta wakikusanya koni katikati ya barabara bila onyo lolote nyuma yao.

Haya yote yanagharimu, na hapo ndipo zabuni huharibu mambo. Kwenye Vielelezo vya Kazi za Barabara vya Tanzania vya mwaka 2000, kupitisha magari wakati wa ujenzi kuna kifungu chake, 1500. Mara nyingi kwenye jedwali la gharama huwekwa jumla moja, na mzabuni anayetaka kushinda huikata hiyo kwanza. Iandikwe kwa vipande: vibao vingapi, koni ngapi, siku ngapi za washika bendera, tripu ngapi za boza, kilomita ngapi za mchepuko za kutunzwa kila mwezi. Kilichohesabiwa hulipwa, na kilicholipwa mhandisi mshauri anaweza kukidai. Kibarua wa siku moja naye ni mfanyakazi mbele ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Jina lake liandikwe kabla hajapewa koleo.

Kwa dereva, machache. Ukiwa wa mwisho kwenye foleni washa taa za dharura na acha nafasi ya kukwepea mbele yako mpaka mwingine asimame nyuma yako. Usilifuate lori ndani ya vumbi, ngoja vumbi liishe. Usifuate gari la mbele kwa sababu tu limepita, kwani huenda lilikuwa la mwisho na upande wa pili umeshafunguliwa.

Msimamizi naye aazime gari dogo siku ya tatu ya kazi, saa tatu usiku, aanzie kilomita 2 kabla ya saiti na apite kwa mwendo halali, halafu ageuze arudi. Pembeni akae mtu ambaye hajawahi kufika hapo, atamke kwa sauti kila anachokiona na kila anapokipata kwa kuchelewa. Atakaponyamaza huku mbele kuna kitu, sogeza kibao hapo kesho asubuhi.